Mzigo wa Aliyeonja

Usile usipa asubuhi ya siku ya kuonja kahawa. Nalitanguliza hili kabla ya salamu kwa sababu najua nyinyi vijana salamu mnazipokea na maonyo mnayaruka. Usile usipa, wale dagaa wetu wa ziwani, usile kitunguu kibichi, usijipake mafuta yenye manukato, na kama umegombana na mwenzako nyumbani, chelewa kidogo uje umetulia, maana hasira nayo huharibu ulimi. Haya, sasa marahaba, kama mlikuwa mmeniamkia.

Mimi ni Skolastika. Niliofanya nao kazi waliniita Dada Skola, siku hizi ni Bibi Skola, na bado nikiitwa hivyo nageuka kumtafuta huyo bibi. Nilianza kuonja kahawa hapa Mbinga nikiwa msichana aliyetoka shule ya misheni Kigonsera na cheti kimoja na kiburi cha vyeti vitatu. Nikaendelea mpaka nilipokabidhi kijiko changu nikiwa mkuu wa chumba cha kuonjea. Nyinyi mnaoanza kazi mmeniomba niwaandikie niliyojifunza. Mkaniomba pia niwasimulie habari za Eliamani, kwa sababu kila mkulima mnayekutana naye anamtaja. Hapo ndipo nilipokaa na kalamu siku tatu. Hata baada ya miaka yote hii, mtu akilitaja jina la yule mwanamume kabla ya langu, kuna kitu kinanikaba hapa chini ya shingo. Ni wivu. Nautaja mapema ili msije mkadhani ni ugonjwa.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Sampuli ya kahawa ya kila kikundi cha wakulima inakobolewa, inakaangwa, inasagwa, inawekwa kwenye vikombe vitano. Unamimina maji yaliyochemka yakatulia kidogo. Unangoja dakika nne, halafu unavunja utando wa juu kwa kijiko huku pua umeiinamisha mpaka karibu iguse kahawa. Unangoja tena ipoe. Kisha unavuta kijiko kwa kelele, ndiyo, kwa kelele, mama zenu hawapo hapa, ili kahawa itawanyike mpaka nyuma ya ulimi. Unatema kwenye ndoo. Hakuna anayesema neno mpaka kila mtu ameandika alama zake. Vikombe ni vitano kwa sababu kasoro haitembelei nyumba zote. Unaweza kuikuta kwenye kimoja, na vinne vikawa safi kabisa.

Na rudini kwenye kikombe kikishapoa. Kahawa ya moto ina aibu, inaficha. Ikipoa ndipo inaposema.

Aliyenifundisha haya ni Mzee Hyera, mkuu wetu wa wakati huo, Mmatengo wa milimani kama mimi. Siku hizi mna mashine ya kupima unyevu, mnatia punje ndani na namba inatokea. Mzee alikuwa anang'ata. Alichukua punje ya kahawa ya maganda, akaiweka kwenye jino la nyuma, ikalia kaa, akasema, "Hii irudi juani siku mbili." Nikamwuliza atajuaje kama si tatu. Akasema, "Meno yangu yamekula jua la miaka mingi." Nilijaribu kumwiga, nikavunja jino. Pengo hilo ninalo mpaka leo, na mnaponiona nacheka kwa upande mmoja mjue ni kazi ile.

Mzee alikuwa na sheria moja ambayo aliirudia mpaka tukaiota: "Ulimi mmoja ni uvumi, ndimi mbili ni ushahidi." Tulikuwa waonjaji watatu. Mmoja wetu akidai ameonja kasoro, na wenzake wawili hawajaionja, dai linafutwa na kahawa inapita. Anayedai ndiye anayebeba. Hatukuwa na mashine ya kuhukumu kati ya ndimi zetu.

Alikuwa na jicho pia. Alisema mwanafunzi akikutana na kasoro halafu akaogopa kuisema, hatemi, anameza. Koo linafunga mlango haraka kabla watu hawajaona. Wiki yangu ya kwanza nilikutana na kahawa iliyochachushwa mpaka ikawa siki, nami nilidhani labda ndivyo inavyotakiwa, basi nikameza. Mzee akaweka kijiko chake chini.

"Skola, imekuwa tamu kiasi cha kumeza?"

Nikasema hapana, Mzee. Akasema, "Basi tema, mwanangu, halafu useme. Kasoro uliyoimeza imekuwa yako."

Eliamani alikuja kwa uhamisho kutoka Kilimanjaro, nilipokuwa nimeshafika mahali pa kujiona mtu. Mrefu, mpole, suruali yake ina mstari wa pasi hata siku za vumbi. Siku yake ya kwanza mezani tulipewa sampuli ambayo mimi niliandika "safi" na Mzee akaandika "safi". Eliamani akaandika "imekauka karibu na jiko". Ulimi mmoja, dai likafutwa. Lakini Mzee alikuwa mtu wa kutaka kujua, akaagiza mwenyekiti wa kikundi aulizwe. Mwenyekiti akashangaa kwamba habari imefika mjini. Ukungu ulikuwa umewasumbua kule juu, wakaanika kahawa kwenye dari la jikoni siku mbili.

Nilimchukia kabla ya chai ya saa nne.

Niwaambie nilivyomwonea wivu, maana mnadhani wivu ni wa wanandoa peke yao. Niliuonea wivu ulimi wake. Niliuonea wivu mwandiko wake. Nilimwonea wivu kwa jinsi Mzee Hyera alivyomvutia kiti, yeye mgeni, wakati mimi niliyezaliwa huku nilivuta changu mwenyewe miaka yote. Shangazi yangu, ambaye alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa kijijini kwetu, alikutana naye mara moja tu, akarudi anamsifu mpaka nikamwambia shangazi amchukue akaishi naye. Mimi nilikuwa nasali rozari kila siku. Na katika rozari hiyo, nasema kweli, kuna siku niliombea apate mafua.

Sasa sikilizeni lililonichoma zaidi. Jumatatu moja, tukingoja vikombe vipoe, nilimwuliza anasali parokia gani, maana jana yake sikumwona kanisani.

"Sisali, Dada Skola," akasema. "Siamini kwamba Mungu yupo."

Alisema kama mtu anayekwambia hatumii sukari. Nikamwangalia Mzee Hyera nikidhani atampiga na kijiko. Mzee akatazama saa ya ukutani akasema, "Zimebaki dakika nane. Mwambie, Skola."

Hivyo ndivyo ulivyoanza mjadala wetu wa Mungu, mjadala wa dakika nane au kumi za kungoja kahawa ipoe, siku za kazi tu, kwa miaka. Nilikuwa naenda nyumbani kutafuta hoja kama mtu anayetafuta kuni. Niliwauliza watawa. Nilimwuliza Bwana Salehe, mwenye duka la jirani, ambaye babu zake walitoka pwani. Akatikisa kichwa akasema, "Mimi na wewe twagombana njia, huyu hata safari hana." Nikaona nimepata silaha. Kesho yake nikaitumia. Eliamani akacheka sana, akasema mzee huyo wa duka amesema vizuri, nimpelekee salamu.

"Dada Skola," akaniambia siku nyingine, "hapa mezani nikisema nimeonja moshi, nani anabeba mzigo wa kuthibitisha?"

"Wewe."

"Kwa nini siyo wewe uthibitishe kwamba moshi haumo?"

"Kwa sababu wewe ndiye uliyeleta habari ya moshi."

"Na habari ya Mungu imeletwa na nani?"

Nikarudi baada ya siku mbili na jibu. Nikamwambia dunia nzima inasali, milima yote hii inasali, wewe mmoja ndiye unayeipinga. Basi wewe ndiye mwenye dai jipya, ubebe.

Akasema, "Milima yote hii iliwahi kuanika kahawa chini kwenye udongo. Mzee Hyera alikuwa peke yake aliposema wajenge vichanja. Je, wingi wao ulikuwa ushahidi?"

Mzee akakohoa. Aliipenda hoja hiyo kwa sababu ilimtaja. Nami nikaungua.

Lakini msinidharau, nilimbana mara moja. Nilimwambia, "Mtoto wangu anataka kupita njia ya msituni. Mimi nasema kuna chui, wewe unasema hakuna chui. Nani athibitishe kabla mtoto hajapita?" Akasema, "Hapo umenishika. Anayesema hakuna, na mtoto anapita kwa neno lake, naye anabeba." Nilitembea siku hiyo kutoka kazini mpaka nyumbani bila kugusa ardhi.

Mzee Hyera ndiye aliyetuamua, na maneno yake niyaandike vizuri, kwa maana yalikuja kunihukumu. Alisema, "Anayesema 'ndiyo' ana mzigo. Anayesema 'hapana' ana mzigo. Mwenye mikono mitupu ni mmoja tu, yule anayesema 'sijaonja'. Huyo hatudaiani naye, ilimradi kweli hajaonja."

Eliamani akasema, "Basi mimi kuhusu Mungu ndiye huyo, Mzee. Sisemi hayumo kikombeni. Nasema sijaonja. Dada Skola akisema ameonja, namsikiliza. Ila aniambie ameonja nini, asinisomee vitabu."

Aliniangalia kwa upole kabisa. Nikamjibu kwa hoja niliyopewa na mtawa mmoja. Ilikuwa hoja nzuri, ndefu, lakini haikuwa nilichoonja mimi. Nadhani alijua, maana alishukuru kwa heshima na kurudi kwenye vikombe vyake.

Na huyu mtu asiyesali alikuwa anakwenda Kigonsera kila mwisho wa mwezi kutengeneza mashine ya wakulima ya kumenya kahawa, bure. Padri alimpenda kuliko alivyotupenda sisi wa kwaya. Nilimwuliza Padri haimsumbui? Akasema, "Inanisumbua, Skolastika. Inanisumbua kwamba nyinyi hamji." Mnaona? Hata mbinguni nilikokuwa nimejiwekea nafasi, yule alikuwa anakaribia kuvutiwa kiti.

Sasa nawafikisha kwenye kikombe chenyewe.

Mzee Hyera alikuwa anastaafu. Wakubwa walikuwa wamemwomba apendekeze mmoja wetu ashike nafasi yake, na sote tulijua. Alitaka mtu ambaye ulimi wake hauoni mizimu, ndivyo alivyosema. Eliamani alikuwa na ulimi mkali kuliko sisi, lakini alikuwa na madai ya peke yake mengi yaliyofutwa, na si kila mara mwenyekiti wa kikundi alipatikana wa kuulizwa. Mimi sikuwa na dai hata moja lililofutwa. Mtajiuliza kwa nini. Kwa sababu sikudai mpaka nione mwenzangu anakunja uso. Basi, nimesema na hilo.

Ikaja sampuli ya kikundi cha shangazi. Ilikuwa kahawa yao bora tangu waanze, na kulikuwa na mnunuzi wa ng'ambo aliyekuwa tayari kuichukua moja kwa moja kwa jina la kikundi, kitu ambacho akina mama wale hawakuwahi kukipata. Tukamimina, tukavunja utando, tukangoja. Tukavuta raundi ya kwanza, safi. Ikapoa, tukazunguka raundi ya pili. Nikafika kikombe cha pili.

Ilikuwa usipa.

Si usipa wa kukunja uso. Ulikuwa kwa mbali, kama nyumba ya jirani wanakaanga na dirisha limefungwa. Lakini mimi nimekua nikiuona unateremshwa magunia kwa magunia kutoka Mbamba Bay, nimeula na ugali tangu sijaota meno, siwezi kuukosea hata nikiwa usingizini. Na papo hapo nikajua ulivyoingia, kwa sababu ghala lao nalijua. Shangazi na wenzake walikuwa wameanza biashara ya usipa kutoka ziwani, na ghala la kahawa ndilo pekee lenye bati zuri na kufuli. Waliweka magunia pamoja, ya usipa yakiegemea ukuta. Walidhani kahawa ikiwa bado imevaa ganda lake haidhuriki. Vijana, kahawa hunywa harufu hata ikiwa imevaa koti. Ni kosa la kwetu huku, watu wa milima tunaokula samaki wa ziwa, na mkilikuta msiwacheke wakulima, waelezeni.

Nilimeza.

Mzee Hyera hakuniona, alikuwa ameinamia kikombe cha nne, na ulimi wake wakati huo ulikuwa umechoka. Tukaandika. Mzee akauliza. Mimi "safi". Mzee "safi". Eliamani akakaa na karatasi yake.

"Kikombe cha pili kina kitu," akasema. "Sijui jina lake. Kitu cha majini. Kama mtumbwi uliokauka juani."

Alikuwa hajui jina. Alikulia kwenye migomba ya mlimani, samaki hakumzoea. Mzee akarudi kwenye kikombe kile, akavuta, akatikisa kichwa. Asubuhi ile alikuwa ameshakula usipa, alikula kila asubuhi pamoja na makatazo yake yote, na mtu hawezi kusikia harufu ya kilicho mdomoni mwake.

"Skola?"

Nilikuwa na jina. Neno moja tu, na lilikuwa limekaa kwenye ulimi wangu likiwa bado na uvuguvugu. Nikiwa nimelishika, niliiona nafasi ya Mzee, nikamwona Eliamani kwenye kiti chake, nikamwona shangazi anamsifu, Padri anamsifu. Nikasema, "Mimi sijaonja kitu, Mzee. Anayedai ndiye athibitishe."

Nililisema ladha ya usipa ikiwa bado mdomoni. Ilikuwa sheria ya Mzee, nikampiga nayo Eliamani.

Eliamani akaomba sampuli ikaangwe upya. Mzee akakubali. Zamu ya kuosha vikombe ilikuwa yangu, na siku hiyo niliosha kwa bidii, nikaanza na cha pili. Sampuli mpya ikatoka kwenye gunia jingine lililokuwa mbali na ukuta, ikawa safi vikombe vyote vitano. Eliamani akaonja mara mbili, akaweka kijiko chini.

"Hapa hakuna," akasema. "Siwezi kuthibitisha."

Mzee akafuta dai, akatia saini. Juma lililofuata alipendekeza jina langu.

Mzigo ulisafiri. Mnunuzi akafungua magunia kwake, akaandika barua fupi yenye neno moja lililotafsiriwa kwetu kuwa samaki. Hakununua tena kwa kikundi kile. Akina mama wakarudi kuuza kahawa yao ikichanganywa na ya watu wengine, bila jina, na wengine walichoka wakang'oa mibuni wakapanda mahindi. Shangazi alinililia mimi. Mimi nilimpangusa machozi kwa kanga yangu.

Mzee Hyera alikuwa ameshastaafu. Alikuja na bodaboda kutoka shambani kwake, koti limejaa vumbi. Katika maisha yake yote ya kazi hakuna kahawa aliyoisaini ikarudi na lawama, na alikuwa akijivunia hilo kama wengine wanavyojivunia watoto. Akasimama mbele ya Eliamani, mzee mzima, akamwomba radhi mbele yetu. Kisha akanigeukia.

"Wewe hukuonja, mwanangu," akasema. "Asiyeonja hana mzigo. Usijisumbue."

Akarudi nyumbani. Nasikia tangu siku hiyo alikunywa chai tu. Alikufa bila mimi kumwambia.

Nikabaki na kiti. Nawaambia hakuna kiti kigumu kama kile. Eliamani alifanya kazi chini yangu miaka mingi, hakulalamika hata siku moja, na hilo nalo nililionea wivu. Wakulima walikuja ofisini kwangu wakanisalimia kwa heshima, halafu wakauliza, "Bwana Eliamani yupo?" Vikombe vikiwa vinapoa, alianzisha ule mjadala wetu kama zamani. Alisema, "Dada Skola, nimesoma hoja moja nzuri ya watu wenu, nisikilize." Mimi nikawa nasema nina kazi. Kila aliposema neno "kuthibitisha" nilisikia usipa. Mjadala ukafa, na aliyeuua ni mimi niliyeamini.

Mwaka juzi alinipigia simu. Tulikuwa tumestaafu wote, yeye amerudi kwao. Sauti ikawa ile ile. Akaniambia aliugua, akapona, lakini pua na ulimi havikurudi. Hasikii harufu, haonji. Kahawa kwake ni maji ya moto.

Nitasema kweli kwa kuwa nimeshaanza. Kitu cha kwanza nilichokisikia moyoni kilikuwa furaha. Ilikaa muda wa kumeza mate, halafu nikaona aibu nikakaa kwenye kigoda.

"Pole sana, kaka," nikasema.

"Nimeshapoa. Sasa mke wangu akisema chumvi imetosha, nakubali. Akisema maziwa yamechacha, nakubali. Ungefurahi, Dada Skola. Uzee huu naishi kwa kuamini watu."

Tukacheka. Halafu akafika kwenye lile alilonipigia.

"Kuna kitu nataka nikuulize kabla hatujafa. Siku ile ya kikombe cha pili. Jina lake nililijua baadaye kwenye barua ya mnunuzi, lakini sikuwahi kujua ladha yake ikoje kwa mtu anayeijua. Wewe ulionja. Ilikuwaje?"

Niliishika simu kwa mikono miwili.

"Nani kakwambia nilionja?"

"Nilikuona umemeza," akasema.

Miaka yote. Alijua pale mezani, alijua nilipoosha vikombe, alijua Mzee alipokuja kumwomba radhi na kuniambia mimi sina mzigo. Aliniona na akakaa chini yangu.

"Kwa nini hukusema, Eliamani?"

"Ningethibitishaje? Koo la mtu ni la mtu. Na kusema kweli mzigo ule haukuwa wangu. Nilikuwa nangoja tu uutue. Hata ile habari ya Mungu wako, nilikuwa nangoja vilevile. Ulinisomea hoja za watu miaka yote. Hukuwahi kuniambia wewe umeonja nini."

Sikumjibu siku ile. Niliahidi kumpigia, sijampigia. Nimekuwa nikiogopa kwamba nikijikagua nitakuta kikombe changu kina kidogo sana. Lakini kidogo si hapana, na Jumapili hii, nikitoka misa, nitampigia nimwambie hicho kidogo kilivyo, bila kitabu. Asipokubali, ni haki yake. Mzigo wa kusema ni wangu.

Vijana wangu, mlitaka mafundisho ya kazi. Ngojeni vikombe vipoe. Sampuli itoke magunia yote, ya ukutani na ya katikati. Msiweke usipa ghala moja na kahawa. Na ile sheria ya Mzee Hyera ishikeni, ni sheria nzuri, anayedai ndiye abebe. Ila jueni kwamba inamlinda tu yule ambaye kweli hajaonja. Ukiwa umeonja ukajificha ndani yake, haikulindi, inakusubiri.

Shangazi yangu bado yu hai, macho yamefifia lakini masikio anayo, na mwanawe atamsomea karatasi hii. Kwa hiyo naandika alama zangu upya, kwa mkono wangu, zimechelewa. Sampuli ya kikundi cha akina mama wa kijijini kwetu, raundi ya pili, kikombe cha pili. Usipa. Nilionja mimi, Skolastika, na Eliamani alisema kweli.

Sasa ni ndimi mbili.